Opali Yenye Jina la Mulama

Jericho, Nairobi
Jumapili, 2 Februari 2025

Shemeji Mulama,

Salamu nyingi zikufikie huko Doha, na mgongo wako uwe umetulia tangu siku ile uliyoangukiwa na boksi kazini. Sisi tuko wima. Mama anakohoa, lakini kanisani bado anaimba kuliko wenye mapafu. Dada yangu Clare, mkeo, ni mzima. Ananiambia nikusalimu kwanza kabla sijaanza maneno yangu.

Nakuandikia barua hapa kwenye simu kwa sababu nikipiga unasema uko zamu, halafu unakata. Barua haikatwi.

Ile simu ya Opali Tisa uliyomtumia imefika, ndani ya boksi jeupe kama la keki ya harusi. Nusu ya mtaa wa Kaloleni imepita kwake kuiona. Jirani mmoja aliomba kuigusa mgongoni tu, akanawa mikono kwanza. Mimi nilinyamaza, maana zawadi ya mume kwa mkewe si ya shemeji kuitia dosari.

Lakini miaka kumi na mmoja niko mezani hapa soko la Jericho, nikifundishwa na simu mbovu zenyewe, kwa hiyo jicho halikukaa kimya. Clare alipoileta nimhamishie namba za watu, nikakuta maneno haya: Simu hii ni ya W. Mulama. Akaunti ni yako. Yeye ana namba ya kufungulia kioo tu. Hawezi kuifuta, hawezi kuizuia isionyeshe ilipo, hawezi hata kumpa mtu mwingine, bila neno la siri ulilobaki nalo wewe. Umempa mkeo nyumba, ufunguo ukabaki nao Doha.

Halafu kuna hii. Opali imezibwa kwa gundi pande zote, na ni duka moja tu mjini linaloruhusiwa kubadilisha betri yake. Simu ninazouza mimi ni za mfumo huria. Skrubu sita, betri inatoka kwa ukucha, na programu zake zimeandikwa hadharani, anayejua kusoma anaona kila kitu zinachofanya. Nikiletewa kumi mbovu, tisa zinarudi nyumbani zikiongea. Opali kumi, narudisha moja, na hiyo ni kwa maombi. Watu wanaimba jina lake kwa sababu ya tangazo, sijaona mwingine anayeiimba kwa sababu ya kazi.

Sikuombi uirudishe. Nakuomba uondoe jina lako, uweke la mkeo. Ni kazi ya dakika mbili, nitakuelekeza.

Ni mimi shemeji yako,
Nahashon


Doha
Ijumaa, 7 Februari

Shemeji Nahashon,

Salamu nimezipata. Joto halijaanza, asubuhi tunavaa sweta, huko mnafikiri tunakaangwa mwaka mzima. Mgongo unauma nikiinama tu, kwa hiyo siinami. Mama apewe maji ya tangawizi.

Barua yako nimeisoma mapumzikoni, nikawasomea na wenzangu, tukacheka. Fundi akishindwa kufungua kitu husema kitu ndicho kibaya. Hapa watu walilala nje ya duka wakingoja Opali Tisa, nami nililala nao. Mimi ni supavaiza wa bohari sasa. Mke wangu atembee na simu ya skrubu kama redio ya babu?

Jina langu litabaki. Si kwa ubaya. Mtu aliye mbali anataka kujua watu wake wako wapi ndipo alale. Nikifungua simu yangu naona nukta kwenye ramani, ndiye yeye.

Na kwa kuwa wewe ndiye umelianzisha, nikuulize. Jana Alhamisi nukta ilikaa pale soko la viatu la Kariokor tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane. Wiki iliyopita vilevile. Kiatu gani kinanunuliwa kwa saa tano? Wewe ni kaka mtu, nijibu kama kaka.

Shemeji wako,
Mulama


Jericho
Jumapili, 9 Februari

Shemeji,

Amani iwe kwako. Mama amekunywa tangawizi yako, amesema ukirudi atakupikia kuku, usimle shemeji Nahashon kwa maneno kabla ya hapo.

Kiatu hakinunuliwi kwa saa tano, kinashonwa. Clare anashona viatu vya akala na mikoba pale Kariokor kila Alhamisi, kwa mzee Otiende anayekata ngozi, mzee mwenye meno ya bandia na wajukuu sita. Alhamisi hiyo alimaliza jozi kumi na nne. Hakukuambia kwa sababu ulishamwambia mke wa supavaiza hakai kwenye kigoda. Sasa umejua, na usimgombeze, anashona vizuri kuliko wanaume watatu wa pale.

La pili ndilo kubwa, lisome mara mbili. Wezi wa huku wamebadilisha kazi. Zamani mtu alinyakua akakimbia. Simu zangu nazo zina kufuli, sikudanganyi, lakini ufunguo unakaa na yule anayeishika mkononi. Akionyeshwa kisu anafungua, anatoa, wao wanakwenda zao na yeye anakwenda zake. Opali isiyo na neno la akaunti haiuziki ila vipande. Ikiwa na neno, bei yake inapanda mara nane. Kwa hiyo hawachukui tena simu peke yake, wanachukua na mtu, wanamfungia mahali hadi aseme. Mwezi uliopita mteja wangu Nuradin, muuza vitambaa, alikuja hapa mezani na nusu ya sikio. Kwa hofu alikosea neno lake mwenyewe mara tatu. La nne alilikumbuka, lakini sikio lilikuwa limeshashuka.

Nuradin alikuwa na kitu cha kukumbuka. Clare hana. Wamkate wamgawe, hajui, kwa sababu hukumwambia.

Basi nimempa simu moja yangu ya mfumo huria, jina lake mwenyewe ndani. Opali itakaa kabatini Kaloleni mpaka utoe la kwako.

Shemeji yako,
Nahashon


Doha
Ijumaa, 14 Februari

Nahashon,

Salamu kwa Mama.

Siku tano nukta imelala kabatini. Mnanichezea. Kwa hiyo mke wangu anatembea huku mimi natazama nguo zake?

Nimempigia. Kuanzia leo Opali haitoki mkononi mwake, na nikipiga simu ya picha anaonyesha alipo na alio nao. Hadithi zako za masikio wasimulie watoto. Unataka jina langu litoke ili upate kumficha, au upate kuiuza.

Ukimshauri mke wangu tena, Kweyu atakuja akufafanulie. Ndugu yangu yuko hapo Kaloleni, ana mikono na hana kazi.

Shemeji,
Mulama


Jericho
Jumapili, 23 Februari

Shemeji Mulama,

Nakusalimu kwa mkono wa kushoto, na utajua kwa nini. Natumai wewe uko mzima kuliko mimi.

Kweyu alikuja kufafanua. Jumanne saa sita mchana, soko limejaa. Hakuniamkia. Alishusha rungu kwenye kioo cha meza, simu za watu thelathini na moja zikaenda chini, akazikanyaga kama anayeponda muhogo. Nilipomshika shati alichukua chuma changu cha kulehemu, kikiwa na moto wake, akanibandika nacho kiganja cha kulia. Nyama inanuka, shemeji. Mimi huwa nasikia harufu ya plastiki ikiungua, sikujua kuna siku nitajinusa.

Nami si mtumishi wa kanisa kiasi hicho. Nilimpiga na jiwe la kunolea visu la jirani, mara mbili, ya kwanza ikatoa meno mawili, ya pili ikamlaza. Wanawake wa mboga ndio waliotuachanisha, na mmoja alimmwagia Kweyu maji ya kuoshea sukuma wiki akamwambia, "Buda, umetumwa na simu?" Soko lote likacheka, na yeye akiwa bado yuko chini.

Jioni Clare alikuja kunifunga kitambaa. Nilimwambia aitupe hiyo Opali mtaroni. Akasema ukikosa nukta utamtuma Kweyu kwake, na yeye hana jiwe. Ndivyo anavyoishi sasa. Ukipiga saa nne anaacha sindano anageuza simu, anakuonyesha Otiende, anakuonyesha ukuta, anakuonyesha paa. Wanaume wote wa Kariokor wameshajua huyo mama ana Opali Tisa, kwa sababu wewe unamtaka aiinue juu kila saa.

Hasara ya meza nitaimeza. Kiganja kitapona. Naomba tena, mara ya tatu na ya mwisho, toa jina.

Shemeji yako,
Nahashon


Jericho
Alhamisi, 13 Machi, saa nane na dakika kumi mchana

Mulama, kwa jina la Mungu pokea simu. Nimekupigia mara kumi na saba.

Watu wamemchukua Clare hapo Kariokor, akitoka kula. Wanaume watatu, gari jeupe, Otiende amewaona. Wamenipigia kutoka namba yake. Clare aliwaambia kaka yake ni fundi, wakaniambia nifungue akaunti. Nimewaambia hakuna fundi duniani anayeifungua, mwenyewe yuko Doha. Nyuma ya sauti zao nilimsikia Clare analia.

Fanya moja kati ya mawili. Toa jina lako sasa hivi, wapate simu yao, wamwache. Au niambie nukta iko wapi, niende na watu. Wewe unaiona. Mimi siioni. Polisi nimewaambia, wananiuliza mahali.

Shemeji, nakusihi.
Nahashon


Doha
Alhamisi, 13 Machi, saa nane na dakika arobaini

Hila yako nimeijua. Mara tatu uliomba kwa maneno, ya nne umeleta mchezo wa kuigiza.

Nukta naiona vizuri sana. Ina saa nzima mahali pamoja, karibu na reli, na pale si sokoni wala si kwa Otiende. Nikikuambia utakimbia kuwaonya wajifunike. Na simu yake imenipigia, si yeye aliyeongea, ni mwanamume. Nimemjibu anavyostahili.

Nimeipigisha ile kengele yake ya kutafutia, kwa sauti ya juu, na nimeandika kioo kizima NAKUONA. Wajue mwenyewe hajafa.

Mulama


Jericho
Jumatano, 19 Machi

Shemeji Mulama,

Mama ananiambia barua haianzi bila salamu hata kama ni ya adui. Basi hujambo. Sisi hatujambo kwa idadi, hakuna aliyepungua.

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Sitakuhadithia kwa hasira, nitakuhadithia kwa utaratibu, kama ninavyomwambia mteja simu yake ilikufaje.

Walimpeleka chumba cha mabati nyuma ya gereji. Kwanza walichukua ile simu yangu ya mfumo huria. Wakamwambia afungue, akafungua kwa kidole gumba, mmoja akaitazama, akasema hii imeisha, akaitia mfukoni. Hakuguswa. Halafu wakatoa Opali. Akafungua kioo. Wakataka neno la akaunti. Akasema hajui, ni la mume wake. Nani anaamini hilo, shemeji? Mwanamke ana simu ya bei ya pikipiki halafu hajui neno lake?

Walikuwa na koleo ya gereji. Walianza na kidole cha shahada cha mkono wa kulia, wakauliza, akawapa tarehe yenu ya harusi. Ikakataa. Wakaenda cha kati, akawapa jina la mama yako. Ikakataa. Cha tatu akawapa namba yako ya simu, akawaambia mwulizeni yeye, ndiye mwenyewe. Wakakupigia, sauti wazi, chumba kizima kikisikia.

Mengine ameniambia Clare jana, lakini habari ya simu hiyo sikuipata kwanza kwake. Niliipata kwa mmoja wao. Baada ya simu yako kukatika walikaa kidogo wakibishana, halafu kengele yako ikalia na lile neno likawaka. Wakadhani kuna mtu mlangoni anawaona. Wawili walimpiga kichwani kwa kipande cha chuma cha chesisi ili asije akatambua sura zao, na waliporudia akapiga ukelele mmoja ulioingia plotini, kwenye vyumba vya wapangaji. Watu wakatoka. Wawili wakaruka ukuta, wa tatu akateleza kwenye mafuta.

Nilipofika, nikifuata ile reli uliyoitaja kisha kelele, yule wa tatu alikuwa ameshavunjwa mguu. Watu walikuwa wanampiga kwa mbao, kwa mawe, kwa sufuria. Mimi nilimpiga kwa kiatu, usoni, sikuhesabu, na mimi huwa nahesabu. Mtu alinivuta nyuma kwa shati. Yule kijana akatema damu akanitazama, akasema, "Bwanake mwenyewe alituambia tukae naye." Alisema hivyo akidhani itampunguzia. Haikumpunguzia. Amekufa kabla polisi hawajashuka garini, na mimi sijapoteza usingizi kwa ajili yake. Naupoteza kwa ajili ya maneno yake.

Clare ameshonwa nyuzi arobaini na moja. Fuvu lina ufa. Sikio la kushoto halisikii. Vidole vitatu vya kulia daktari amevifunga, hasemi kama vitashika sindano. Waliomtolea damu ni mimi na ndugu yako Kweyu. Alikuja bila kuitwa, na lile pengo nililomwachia mdomoni, akakunja shati akanyoosha mkono.

Jana alizinduka sawasawa. Nilimwuliza kama kweli walikupigia. Akasema ndiyo, na kwamba alisikia.

Nahashon


Doha
Alhamisi, 20 Machi

Shemeji wangu Nahashon,

Salamu. Salamu kwa Clare, salamu kwa Mama. Sijala tangu jana.

Wewe ni mwanamume, nifikirie. Simu ya mke wako inapiga, unapokea, sauti ya kiume inakuambia, tuko na mke wako hapa, tupe neno la siri. Mtu aliye Doha miaka mitatu atafikiri nini? Nilidhani ni hawara yake ananicheka. Kila mtu humu bwenini ana hadithi ya namna hiyo.

Na kengele, shemeji, usiisahau. Kengele yangu ndiyo iliyowaita majirani. Bila hiyo Opali tungekuwa tunamzika.

Jina nimeliondoa. Nimeliondoa usiku wa jana, nilipomaliza kusoma barua yako. Kazini nimeomba ruhusa, nafika Alhamisi ijayo, tarehe 27. Namba yake haipatikani na nukta imezimika tangu siku ile. Niambie ni hospitali gani, wodi gani, nitoke uwanja wa ndege niende moja kwa moja. Kwa Kweyu usiseme lolote baya juu yangu, nitampigia mwenyewe.

Shemeji wako,
Mulama


Jericho
Jumamosi, 22 Machi

Mulama,

Hujambo.

Ile ploti ina vyumba kumi na vinne, na simu zinalia humo mchana kutwa. Kengele yako ililia hadi wakaiponda, hakuna aliyeinua kichwa. Aliyetoka wa kwanza ni mama aliyekuwa anachambua omena, na alitoka kwa ukelele, na ukelele ulikuja baada ya kengele. Hesabu hiyo usiniletee tena.

Barua yako nilimsomea Clare yote, upande wa sikio linalosikia. Sikuruka wala sikuongeza. Nilipofika mwisho aliniuliza kama mahali popote umeandika ulichowaambia wale watu. Nikatazama tena kuanzia juu. Nikamwambia hapana.

Akasema, "Basi usimwambie niko wapi."

Nahashon


Kaloleni
Jumapili, 30 Machi

Shemeji Nahashon,

Natumaini mko salama huko mliko. Mimi nimefika.

Kweyu alikuja kunipokea uwanja wa ndege. Nilimpa mkono, akanipiga ngumi ya mdomo mbele ya watu wanaongoja wageni, halafu akaondoka na kuniacha na mabegi. Naandika mdomo umevimba. Kwenye nyumba yetu nimekuta kufuli mpya. Jirani amechungulia dirishani, akavuta pazia. Nimeenda Jericho, meza yako imefunikwa turubai, wanawake wa mboga hawajui mtu anayeitwa Nahashon. Nimeenda Kariokor. Otiende alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea kukata ngozi. Nilipomshika bega, vijana wake walinitoa nje kwa soli za tairi, mgongoni, pale pale ninapoumwa, hadi barabarani. Hospitali nimezunguka nne. Kila mahali wananiuliza mimi ni nani wake.

Clare alitaka niandike. Haya.

Yule mtu alisema, tupe neno au tumfanyie kazi. Nilimsikia Clare nyuma. Nilimsikia, shemeji. Alisema jina langu. Nikajiambia ni kicheko. Nikawaambia: Kaeni naye, na mkimaliza mumrudishe kwa kaka yake, hapa kwangu hana nafasi tena. Halafu nikakata.

Ndivyo nilivyosema. Hakuna kilichobaki. Msomee.

Tiketi yangu ya kurudi ni Jumamosi. Niko hapa mlangoni, nimekaa juu ya begi. Niambie yuko wapi.

Mulama


Kaloleni
Jumatano, 2 Aprili

Shemeji, nimeona alama kwamba umeisoma. Umemsomea?


Kaloleni
Ijumaa, 4 Aprili

Nahashon, hata neno moja.


Doha
Jumapili, 6 Aprili

Salamu kutoka Doha. Nimefika salama.